Mkwe Wangu, Ng'ombe Wake na Mbao za Daraja

Kwa miaka kumi na moja nilikaa ua mmoja na baba mkwe wangu bila kumwona uso. Usishangae. Kwetu huku bondeni Kyela, mke wa mtoto alimwogopa baba wa mumewe kuliko alivyomwogopa mamba. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti njia anayopita yeye. Akimsikia anakuja, anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Na jina lake halitamki. Mimi leo ni bibi, meno yamepungua kinywani, wajukuu wananicheka na kusema hayo mambo ya kale, lakini jina la mzee yule hamtalipata kwangu hata mnipe ng'ombe mwenye mimba. Tutamwita Mkwe, inatosha.

Kitu nilichokijua vizuri ni sauti yake. Kwanza kikohozi. Kila alipokaribia nyumba alikohoa mara tatu, si kwa ugonjwa bali kwa heshima, ili nipate nafasi ya kutoweka. Ningeweza kukitambua kikohozi kile katikati ya msiba wa watu mia. Pili nilizijua nyayo zake, maana nyayo hazina mwiko. Kwenye tope la masika, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilielekea pembeni kabisa, utadhani kina safari yake peke yake. Kwa sauti ile nzito nami nikamchora kichwani jitu la mtu, mabega yamejaa mlango. Mama mkwe alipenda kuniacha hivyo hivyo na ujinga wangu.

Na sauti ile kazi yake ilikuwa kuuliza. Jamani, mtu yule aliuliza! Wengine wakiamka husali, wengine hutema mate. Yeye aliamka na swali.

"Chumvi iliyonunuliwa juzi imekwenda wapi?" alimwuliza mkewe.

"Imeliwa," mama mkwe alijibu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyakata.

"Imeliwa na nani?"

"Na wewe."

Hapo Mkwe akasema, "Nyongeza. Na wageni je?"

"Kawaulize wageni."

Nami nikiwa jikoni kwangu nilijiziba mdomo kwa kanga, maana mkamwana hacheki mkwe wake akasikika.

Lakini ukimwuliza yeye, ole wako. "Ulikuwa wapi tangu asubuhi?" mama mkwe aliuliza, naye akajibu, "Nilikuwa nilikokuwa," na mazungumzo yakaishia hapo. Na mtu huyu aliyetaka kujua kila punje ya chumvi ilikokwenda, akija jirani na uso mrefu, alimpa jembe bila kuuliza litarudi lini. Majembe matatu yalipotea kwa njia hiyo. Mama mkwe alipomgombeza alisema, "Serikali naiuliza kwa sababu ina cha kujibu. Mwenye njaa nikimwuliza atanijibu nini?" Sijapata kulisahau neno hilo, na majembe yale nayo sijayasahau, maana nililima na kipande.

Serikali aliiuliza kweli. Wakati ule wa Mwingereza alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya, yeye na wazee wengine wa bondeni, na machifu, na watu wa milimani. Bwana Shauri, yaani Mzungu wa Serikali pale wilayani, aliongoza kikao, karani akasoma mambo yaliyokwisha kuamuliwa, wajumbe wakaitikia, wakaenda kula. Ndivyo ilivyokuwa mpaka akaja Bwana Shauri mpya, kijana mwenye masikio mekundu, akasema kwao Ulaya wajumbe wana saa yao ya kuihoji Serikali: imeamua nini, imetumia nini, na kwa nini. Tangu leo na baraza letu litakuwa na saa hiyo. Swali liandikwe kwa Kiswahili, liletwe siku saba kabla. Likishajibiwa, mjumbe ana ruhusa ya swali moja la nyongeza, moja tu, halafu akae.

Kikao cha kwanza, wajumbe waliandika maswali kwa bidii. Wa kwanza akasimama: "Je, Bwana Shauri ameamkaje?" Wa pili: "Je, watoto wake walioko Ulaya hawajambo?" Wa tatu akataka kujua kama mvua imenyesha huko kwao. Si ujinga huo. Kwetu huanzi kumhoji mtu kabla hujamwamkia, na mtu mwenye cheo kikubwa salamu yake ni ndefu. Yule kijana alijibu yote kwa uvumilivu, masikio yakizidi kuwa mekundu, na saa ikaisha. Mkwe alirudi nyumbani amekasirika. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Tumepewa shoka, sisi tumejikunia mgongo."

Yeye alikwisha kuielewa nguvu ya saa ile. Shida yake ni kwamba hakujua kuandika. Mume wangu aliyejua kuandika alikuwa migodini Rodesia, akija nyumbani kwa likizo tu. Katika ua mzima kalamu ilikuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, niliyesoma shule ya misheni mpaka nikaolewa. Sasa fikiri mwenyewe: mjumbe hawezi kumsemesha mwandishi wake, wala mwandishi hawezi kumtazama mjumbe wake.

Mwanzoni mama mkwe alikuwa katikati. Mkwe alisema maneno yake nje, mama mkwe akayaleta jikoni. Lakini nimekwambia mama yule alikata. Mzee akitoa sentensi kumi zenye adabu, mimi naletewa mbili zisizo na adabu. "Anauliza mmezila wapi fedha za mbegu," alisema. Nikaandika hivyo hivyo, nusura Mkwe afungwe.

Ndipo akamgeukia ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee mwenye madoa meusi na meupe, jina lake Madoa, aliyelala upande wa pili wa ukuta wa mianzi wa jiko langu. Siku moja nikasikia kikohozi mara tatu, kigoda kikawekwa chini, kisha sauti ile nzito ikasema, "Madoa, andika."

Nikashika kalamu.

"Andika: Je, Serikali inaweza kuliambia baraza hili, mbegu za mpunga zilizoahidiwa kijiji cha Talatala ziligawiwa kwa nani? Madoa, umeandika?"

Mimi na Madoa tulinyamaza.

"Basi soma."

Nikaielekea sufuria iliyokuwa motoni, nikaisomea kwa sauti. Upande wa pili akasema, "Mm. Hapo penye 'kwa nani' pazito sana. Madoa, weka 'kwa akina nani,' wapate pa kupumulia." Nikaweka. Kuanzia siku hiyo maswali yote ya bondeni yaliandikwa na ng'ombe yule, na mwandiko wake ukasifiwa hadi bomani.

Nilijifunza kwake kazi ambayo sikujua kama ni kazi. Alisema swali la kwanza liwe jepesi, la kumfanya mtu afungue mlango. La nyongeza ndilo liingie ndani. "Madoa," alisema, "usimwulize mtu kama kaiba. Mwulize kitu kiko wapi. Akikuonyesha, mmeelewana. Asipokuonyesha, kajibu." Mara nyingine swali moja lilichukua siku tatu. Alilizungusha, akalipunguza, akaliacha lilale. Uji wangu uliungua mara nyingi kwa ajili ya Serikali ya Kiingereza.

Kulikuwa na neno moja alilolichukia kuliko mbu: linashughulikiwa. Karani wa ujenzi pale bomani, mtu mwenye miwani na sauti tamu, alijibu hivyo kila alipoulizwa lolote. Barabara? Jambo hilo linashughulikiwa. Kisima? Linashughulikiwa. Mkwe alilipiga marufuku neno hilo nyumbani. Siku moja mama mkwe kwa makusudi alipoulizwa ndizi ziko wapi akajibu, "Zinashughulikiwa," mzee akatoka akaenda kulala kwa nduguye siku mbili.

Sasa nikueleze kuhusu mto, maana bila mto hutamjua Mkwe.

Kati yetu na hospitali ya misheni palikuwa na mto. Kiangazi mbuzi anauvuka. Masika unachukua miti mizima, na mtumbwi hakuna anayethubutu kuutia. Mimba yangu ya kwanza, uchungu ulinishika mvua imeshika vilevile. Walinibeba kwenye machela mpaka ukingoni. Ng'ambo tuliona moshi wa jiko la hospitali. Tulikaa pale siku mbili tukiutazama moshi huo, na mwanangu, mvulana, akazaliwa pale pale nyasini na hakulia. Sina zaidi ya kusema hapo. Nililia kwa niaba yake.

Watu wote walikuja kunipa pole, ila Mkwe. Hakuweza. Kwa mila yetu asingeweza kunisogelea wala kuniambia neno. Nilimsikia tu akikohoa mara tatu nje, akisimama, akiondoka, akirudi, akikohoa tena. Siku ya tisa kigoda kikawekwa kwa Madoa. Kisha akasema, "Madoa, andika. Je, Serikali itajenga lini daraja?"

Wino ulinidondokea kwenye karatasi. Nilijua ile ndiyo pole yangu.

Aliliuliza kila kikao. Alijibiwa linashughulikiwa. Akaligeuza, akaliuliza tena. Mwisho yule kijana wa masikio mekundu, nadhani kwa kuchoka, akakubali: Serikali italeta fundi na misumari, bondeni walete mbao. Na watu walizileta! Kila kijiji kilipasua mivule yake, na kila mpasuaji akachoma alama ya kijiji kwenye ubao kwa chuma cha moto. Ya kwetu ilikuwa duara lenye mkia. Mbao zikapelekwa kwenye ghala la Serikali kule Mwaya ziwani zikauke, fundi akisubiriwa. Kiangazi kikapita. Fundi hakuja, mbao hazikuonekana. Kiangazi cha pili kikafika katikati, na mimi nikawa na mimba tena. Nilihesabu miezi kwa vidole: mtoto atakuja mvua ikiwa imeshika.

Usiku sikulala, mchana sikula. Kila nilipofumba macho niliuona ule moshi wa ng'ambo.

Siku hizo nilikuwa nikiuza mayai Mwaya, kwenye nyumba ya kupumzikia mabwana wanaotembelea wilaya. Ilikuwa imejengwa upya, na baraza lake la mbao limeinuliwa juu ya nguzo kukwepa maji. Mpishi alikuwa akinihesabia mayai pale ngazini, moja likabingirika, likaingia uvunguni. Nikainama kulifuata, tumbo likinisumbua. Yai lilikuwa zima. Nikainua uso kutaka kutoka, na hapo juu ya kichwa changu, upande wa chini wa ubao, nikaona duara lenye mkia. Nikaona la pili. Nikaona na alama za vijiji vingine. Nilikuwa nimeketi chini ya daraja letu.

Nilikwenda nyumbani mbio, mimba na yote. Na nani wa kumwambia? Mama mkwe alikuwa kwenye msiba Talatala. Mkwe alikuwepo, nilisikia fimbo yake. Kikao cha baraza kilikuwa kesho, tena safari hii bondeni kwetu. Swali la daraja lilikwisha kupelekwa, lile la kila siku, jepesi. Lililobaki ni la nyongeza, na la nyongeza haliandikwi.

Basi nikaenda kwenye ukuta wa mianzi, nikageuka nikaupa mgongo, nikasema kwa sauti, "Madoa!"

Upande wa pili kigoda kililia.

"Madoa, leo mimi ndiye nakuambia. Mbao za daraja ziko Mwaya, zimekuwa sakafu ya barazani kwenye nyumba ya wageni. Nimeona alama yetu kwa macho yangu haya, chini, upande usiokanyagwa."

Halafu sauti nzito ikauliza taratibu, "Madoa, ni alama ngapi?"

"Zetu nimeona nne. Za wengine sikumaliza."

"Ndaga fijo, Madoa," akasema. Asante sana. Nikajua anamwambia nani.

Kesho yake wanawake tulijaa migombani nyuma ya nyumba ya baraza, ambayo kuta zake zilikuwa za mianzi zenye madirisha mapana. Kila neno lilisikika. Karani wa miwani akasoma jibu: "Mbao za daraja zimehifadhiwa mahali salama. Jambo hilo linashughulikiwa."

Mkwe akasimama. "Nyongeza. Mahali hapo salama, wageni wakifika huandaliwa chai?"

Wajumbe kicheko. Bwana Shauri hakucheka. "Mzee, una maana gani?"

"Nina maana kwamba mbao zetu zimepigiliwa misumari kwenye baraza la nyumba ya wageni, na mabwana wananywea chai juu ya daraja letu."

Karani akaruka. Akasema ni uongo, mbao zile ni nyingine, mzee huyu anaichafua Serikali. Bwana Shauri akanyoosha mkono. "Ni neno zito hilo. Nani aliyeziona?"

Hapo Mkwe akakwama. Mtu aliyekuwa na swali kwa kila jibu, sasa hana jibu kwa swali moja. Maana mzee wa kwetu hawezi kusimama mbele ya watu akasema "mkamwana wangu kaniambia." Ni kama kujivua nguo hadharani: amekuambiaje, nawe husemi naye? Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema, wazi kabisa, "Ng'ombe wangu ndiye aliyeniambia."

Wajumbe wote wa bondeni waliinamisha vichwa. Walielewa papo hapo, kila mmoja nyumbani kwake alikuwa na ng'ombe wake, au kinu, au paka. Lakini Bwana Shauri na karani wake, mtu wa mbali, hawakuelewa. Masikio yale yakawa kama pilipili.

"Mzee, saa ya maswali si mchezo. Lete shahidi sasa hivi, la sivyo swali lifutwe, jambo la daraja lifungwe, nawe utoke katika baraza hili."

Mama mkwe alikuwa amerudi alfajiri. Alikuwa kando yangu. Alinifinya paja. Nilimwelewa: niende. Walitufundisha kwamba mkamwana asiyemwogopa mkwe wake, mimba humponyoka. Niliamini? Niliamini, tena sana. Lakini mto nao niliuamini. Mto nilikwisha kuuona kazi yake. Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikabakiza tundu la kuona miguu yangu, nikatoka migombani kuelekea mlangoni.

"Anakuja shahidi," mama mkwe akapaza sauti. "Mke wa mwanetu!"

Nikasikia kishindo, benchi likaanguka, watu wakapiga kelele, kisha kitu kikaanguka migombani upande ule mwingine, pu! Mkwe, mjumbe wa baraza la wilaya, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ametoka kwa kupitia dirishani. Mama mkwe alisimulia jambo hilo mpaka anakufa. "Karuka kama beberu," alisema, "koti la Jumapili, fimbo, na yote."

Bwana Shauri akadhani amekimbia. "Amekiri!" karani akasema. Chifu wetu ndiye aliyeinuka akaeleza taratibu: hakukimbia, Bwana, amempisha shahidi. Hawa wawili hawawezi kukaa chumba kimoja. Nami nikaingia, nikasimama nikiupa uso ukuta, nikaeleza: yai, uvungu, duara lenye mkia.

Bwana Shauri aliuliza, "Na mjumbe ana la kuongeza?"

Kutoka nje, chini ya dirisha, sauti nzito ikasema, "Bwana, nyongeza yangu nimekwisha kuitumia. Sheria ni moja tu."

Yule kijana akasogea dirishani. Kisha akasema, "Leo ninampa mjumbe ya pili."

"Basi naomba Bwana Shauri mwenyewe aende akainame."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake bora kuliko yote, na halikuwa swali hata kidogo. Mchana ule ule walikwenda Mwaya kwa gari. Waliokuwapo walisema Bwana Shauri alilala chali uvunguni na kaptura yake nyeupe, akakaa huko muda mrefu, akatoka na utando wa buibui nyweleni. Hakufoka. Alimwambia karani maneno mawili ya Kiingereza, na karani akavua miwani. Kisha akawageukia wajumbe, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Ng'ombe yule ni mkweli."

Mbao ziling'olewa wiki hiyo. Fundi akapatikana, sijui alikuwa amefichwa wapi siku zote. Daraja lilikuwa jembamba, lenye ukingo upande mmoja, lakini lilisimama, na mvua ilipoanza lilikuwa limebakiza vibao vichache tu. Usiponyoke, nilimwambia mwanangu tumboni kila siku, nimekuombea kwa mikono miwili, kwa Mungu na kwa Serikali. Hakuponyoka. Nilivuka kwa miguu yangu, maji yakinguruma chini, na binti yangu akazaliwa hospitalini akapiga kelele mpaka mkunga akacheka. Nililia tena, safari hii kwa furaha, bila aibu yoyote.

Niliporudi, jioni hiyo hiyo nikasikia kikohozi mara tatu na kigoda.

"Madoa, mtoto ana vidole vingapi?"

"Kumi na kumi," nikaiambia sufuria.

"Nyongeza. Pua je?"

"Ya kwenu." Ingawa sikujua, nilikisia tu. Akacheka.

Miaka ikaenda. Mume wangu akarudi moja kwa moja. Bwana Shauri wa masikio mekundu akahamishwa, Madoa akafa akazikwa kwa heshima, kitu ambacho ng'ombe hafanyiwi. Mkwe alichoka magoti, akaacha baraza. Alibaki akimhoji mama mkwe tu, na redio ya jirani.

Siku moja ya masika nilikuwa ninarudi kutoka ng'ambo na mtoto wa tatu mgongoni, kapu la mchele kichwani. Mto ulikuwa umejaa, unanguruma, usingesikia hata bunduki. Nilitembea nimeinama, kama nilivyofanya kila nilipovuka; nilipenda kukanyaga mahali nilipojua chini yake kuna duara letu. Nilipofika katikati nikaona mbele yangu miguu miwili imesimama. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilielekea pembeni.

Alikuwa amekohoa, bila shaka, lakini mto ulikimeza kikohozi. Nikataka kurudi: nyuma yangu ng'ombe wa watu walikuwa wamekwisha kuingia darajani, na huko hakuna kupishana nao. Naye magoti ya kuruka dirisha hakuwa nayo tena. Migomba ya kujifichia haikuwapo. Tulisimama, tumenasa sote wawili katikati ya jambo tulilolidai.

Kisha nikamsikia akipaza sauti juu ya maji: "Wewe mto! Mwambie mama huyo nimefumba macho. Apite!"

Nikapita, bega moja likigusa ukingo. Nilipaswa kufumba na mimi, au kutazama maji. Mungu anisamehe, nilimtazama. Lile jitu langu la miaka yote lilikuwa mzee mdogo, mwembamba, masikio makubwa, jino la mbele hana. Pua, kweli, ilikuwa ya binti yangu. Na macho ameyafumba kwa nguvu zake zote, uso wote umekunjamana, kama mtoto anayesubiri kunyweshwa dawa chungu. Nilimpenda mzee yule kiasi kwamba nilisahau kutembea.

"Nyongeza," akasema, bado amefumba. "Mto, mwulize: na yeye amefumba?"

Sufuria haikuwepo, ng'ombe waliokuwepo walikuwa wa watu. Nikajibu mwenyewe, neno langu la kwanza kwake tangu niolewe, nikamwita baba kwa lugha ya kwetu.

"Jambo hilo linashughulikiwa, Tata."

Alicheka mpaka akaushika ukingo kwa mikono miwili. Nilikisikia kicheko kile nyuma yangu, juu ya mto na ng'ombe na mvua, nikawa ninacheka na kulia huku ninatembea. Nilipokanyaga ardhi nikageuka. Alikuwa bado amefumba macho, akisubiri aambiwe kwamba nimekwisha kuvuka.